Vifuko vya tableti na kompyuta: bitana laini ndiyo iliyokwaruza kioo

FundiMajengo (Goma)

Jambo ndugu zangu washonaji, na nyinyi wote mnaobeba tableti na kompyuta mgongoni juu ya moto, yaani pikipiki.

Mimi ni mshonaji wa Majengo. Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa libaya za akina mama na sare za shule. Tangu miaka mitatu nashona pia vifuko vya tableti, kompyuta na simu, vile vyenye sponji katikati. Nafungua uzi huu kwa sababu ya kifuko kimoja kilichorudishwa kwangu mwezi uliopita. Tangu siku hiyo nimebadilisha karibu kila kitu katika ushonaji wangu wa vifuko.

Aliyekirudisha ni kijana wa chuo kikuu. Hakuja kugomba. Aliweka tableti yake kwenye meza yangu ya kukatia, akaiinamisha kuelekea mwanga wa mlangoni, akasema, "Mama, tazama." Kioo kilikuwa na mikwaruzo myembamba, mingi, na yote imelala upande mmoja, kutoka mdomo wa kifuko kwenda chini. Ndiyo njia ambayo tableti inapita ikiingia na kutoka. Haikuwahi kuanguka hata siku moja. Kifuko changu ndicho kilichoikwaruza.

Nilitaka kukigeuza ndani-nje nikashindwa, maana nilikuwa nimeshona tabaka zote tatu pamoja, kikwembe (kitenge) cha nje, sponji na bitana ya ndani, kwa mistari ya mshazari kutoka juu hadi chini. Nikaingiza vidole mpaka kwenye pembe. Vilitoka na mchanga mweusi. Nikakipiga juu ya karatasi nyeupe, ukamwagika mwingine, punje ndogo ndogo zinazometameta. Bitana niliyotumia ni kile kitambaa cha manyoya laini cha blanketi za watoto, ambacho kila mteja anakishika na kusema "oh, hiki ni kizuri". Manyoya yale yalikuwa yameshika punje kama majani ya porini yanavyoshika suruali.

Wa hapa wanajua mchanga huo unatoka wapi. Tunakaa juu ya mawe ya volkano ya Nyiragongo. Tarehe 17 Januari 2002 lava ilipita katikati ya mji ikafika ziwani. Ile ya tarehe 22 Mei 2021 ilisimama pembezoni, upande wa kaskazini. Avenu nyingi za mitaani ni lava iliyopondwa na magurudumu, kwa hiyo vumbi letu ni jiwe lililosagwa, na ndani yake mna punje za madini kama olivini, ambayo ni ngumu kuliko kioo cha kawaida. Weka punje hiyo kati ya kioo na manyoya, kisha ibane kwa sponji pande zote mbili, na umeshona msasa.

Sasa hivi nashona hivi. Bitana naikata kwenye pamba iliyofumwa kwa kubana, kama ya mashuka au mashati mazuri ya mitumba, isiyo na manyoya kabisa. Naishona peke yake kama mfuko, halafu naiunganisha na kifuko cha nje mdomoni tu. Chini haishikwi na kitu. Mwenye nacho akifika nyumbani anaivuta nje kama mtu anayegeuza mfuko wa suruali, anaikung'uta, anaipangusa kwa kitambaa chenye maji kidogo, ikikauka anairudisha. Pembe za chini za bitana nazizungusha kwa kufuata kifuniko cha chupa ya soda, kwa kuwa pembe kali ndiyo ghala la mchanga. Mishono yake inaangalia upande wa sponji, tableti haikutani na mshono wala uzi unaoning'inia. Sponji nayo naishonea kitambaa cha nje peke yake.

Nina oda ya vifuko 20 mbele yangu. Kabla sijakata, naomba wenzangu wa Bukavu na Lubumbashi waniambie wao wanafanyaje, na anayeona bado nakosea aseme.

Mwanafunzi_Himbi

Jambo Mama. Pole, na aksanti kwa kusema wazi. Mimi swali langu ni la vipimo. Nina tableti ambayo sanduku lake limeandikwa inchi 10.2. Nilimpelekea fundi mmoja namba hiyo tu, tableti nikaiacha nyumbani kwa kuogopa njia. Kifuko kilitoka kizuri kwa macho, lakini tableti iliingia nusu ikakwama. Inchi 10.2 si ndiyo urefu wake?

FundiMajengo (Goma)

Hapana mwanangu, na wengi wanakosea hapo. Inchi za dukani ni za kioo, tena kimepimwa kimshazari, kutoka pembe moja hadi pembe inayoikabili. Inchi moja ni sentimita 2.54, kwa hiyo 10.2 ni karibu sentimita 26 za kukivuka kioo kimshazari. Mwili wa tableti una vipimo vyake vingine. Hata kompyuta, mbili zinaweza kuitwa zote inchi 14, moja ina kingo pana na nyingine nyembamba, na kifuko cha moja kisiingie nyingine. Mimi sikati bila kifaa mezani. Asiyeweza kukileta namwomba akilaze juu ya karatasi, akizungushie kalamu, na pembeni aandike unene.

Unene ndio unaosahauliwa na mafundi. Mfuko wa vipande viwili ukiwa mtupu unalala bapa. Kifaa kikiingia, kitambaa kinapanda ukingo wa kushoto na ukingo wa kulia, kila ukingo unakula nusu ya unene, na unene mzima umetoka kwenye upana wako.

Kama yako ni iPad ya inchi 10.2, mwili wake ni sentimita 25.1 kwa 17.4 na unene ni milimita 7.5. Upana wa bitana: 17.4 na 0.75 ni 18.15. Naongeza nafasi ya kupumua ifike 19, kisha sentimita 1 ya mshono kila upande, nakata 21. Urefu: 25.1, nusu ya unene kwa chini, nusu sentimita ya kupumua, sentimita 1 ya mshono wa chini na 1 ya mdomo, nakata 28. Kipande cha nje chenye sponji ya milimita 5 kinataka kuwa kipana zaidi, 22, maana sponji inakula nafasi kwa ndani. Lakini midomo miwili lazima ilingane, kwa hiyo sentimita 3 za mwisho naingiza mishono ya pembeni ya kipande cha nje pole pole mpaka ilingane na bitana.

Na usikate 22 moja kwa moja. Mistari ya cherehani ikishapita juu ya sponji, kipande kinavutika na kupungua. Mimi nakata 25 kwa 31, napitisha mistari, ndipo naweka kipimo cha kweli na kupunguza. Kikwembe kipya nakifua kwanza, kwa sababu kina wanga na kinaweza kurudi nyuma kikifuliwa. Kikiwa na rangi nzito nakisugua kwa kitambaa cheupe chenye maji. Kikiacha rangi, hakiingii kwenye kifuko.

Kompyuta nene inafundisha zaidi. Naletewa sana ThinkPad T480. Ni sentimita 33.7 kwa 23.3, unene 2. Fundi aliyezoea tableti anasahau hizo 2 na anabaki na kifuko kisichoingia. Hapo pia pembe za chini za kipande cha nje nazibana ziwe pembetatu na kuzishona kwa kukatiza pembe, mshono wa sentimita 2, ili kifuko kiwe na kitako. Bila kitako, pembe za kompyuta zinasukuma mshono kila siku hadi unakatika.

MamaKadutu (Bukavu)

Jambo dada yangu wa Majengo. Nakuheshimu, ila hapa niache nikupinge kidogo. Mimi nashona hapa Kadutu, bitana yangu ni flaneli, kitambaa chenye manyoya mafupi, na sijawahi kurudishiwa kioo kilichokwaruzwa. Huku hatuna mchanga wenu mweusi. Tuna udongo mwekundu na mvua. Mteja wangu anatoka ofisini akiwa na jua, na kabla hajamaliza kupanda mlima mvua imeshamkuta. Kinachoharibu vitu vyetu ni maji.

Nilishona sponji ya godoro, nikaipitishia mistari kama wewe. Mvua ikanyesha mara moja, ile sponji ikanywa. Nje palikauka siku ya pili, ndani palibaki na maji siku nne, na siku ya tano kifuko kilianza kunuka ukungu. Mteja hakuweza kutoa sponji kwa sababu nilikuwa nimeifunga milele kwa mistari.

Tangu hapo sponji yangu haishonwi. Ni vipande viwili vilivyokatwa kwa kipimo, vinakaa kati ya kitambaa cha nje na bitana. Chini ya bitana naacha mdomo wa sentimita 12, pale pale ninapogeuzia kazi, na badala ya kuufunga kwa mkono naweka velkro. Mvua ikipiga, anaitoa sponji na kuianika. Wewe uliyeiachia bitana huru upo karibu sana na njia hii, ongeza velkro tu.

FundiMajengo (Goma)

Dada, nakubali kabisa hilo la kutoa sponji. Velkro yako iangalie sponji, isiangalie kifaa, maana upande wa kulabu ni mkali. Kwa flaneli sikubaliani nawe kwa Goma. Kwa Bukavu wewe ndiye unayejua.

FundiSimu_Birere (Goma)

Mimi ni fundi wa simu na kompyuta, Birere. Vifuko vyenu vinafika mezani kwangu kila siku vikiwa na wagonjwa ndani, kwa hiyo nina mambo ya kusema.

Kwanza sponji. Mama Kadutu, sponji ya godoro ina matundu yaliyofunguka, ndiyo maana inakunywa. Tena ikizeeka, kwa joto na unyevu, inageuka njano na kuanza kumeguka unga. Nimefuta unga huo kwenye matundu ya spika mara nyingi. Ipo nyingine, ile nyeupe inayofungiwa televisheni na friji mpya, na ile ya mikeka ya mazoezi. Hizo matundu yake yamefungwa kila moja peke yake. Itupe kwenye beseni, inaelea, ukiitoa na kuipangusa ni kavu. Wauza televisheni wengi wanaitupa. Waombeni.

Namna ya kuijaribu ni dole gumba. Weka sponji juu ya meza, kandamiza kwa nguvu. Ukisikia meza chini ya dole lako, siku ya kuanguka kioo nacho kitaisikia sakafu. Godoro laini la sentimita 1 linashindwa mtihani huo, na sponji ngumu ya milimita 5 inapita. Kifaa kinachoanguka mara nyingi kinafikia pembe, kwa hiyo kama mnayo sponji kidogo, iwekeni mara mbili kwenye pembe kabla ya kufikiria katikati.

La pili ni muhimu kuliko yote niliyoandika. Mtu anakuja ananiambia, "Kifuko changu kimekuwa kidogo, kimerudi nyuma kwa kufuliwa." Mara nyingine ni kweli. Mara nyingine kifuko hakijabadilika, ni kifaa kilichonenepa. Betri ya lithiamu ikiharibika inatoa gesi na kuvimba. Kifuko kilichokatwa kwa kipimo kinaliona jambo hilo kabla ya mwenye kifaa. Kikianza kubana ghafla, kilaze kifaa juu ya meza tambarare. Kikiyumba, au mgongo umeinuka, au kioo kinaachana na fremu, au ile sehemu ya kugusia vidole kwenye kompyuta imepanda juu, kizime, usikichaji tena, usikikandamize, usikitoboe, kipeleke kwa fundi. Usikisukume kwa nguvu ndani ya kifuko.

Kwa sababu hiyohiyo, msichaji kifaa kikiwa ndani ya kifuko, wala msiingize kompyuta inayowaka. Sponji inayozuia mshindo inazuia pia joto lisitoke.

La tatu, vifungo vya sumaku. Tableti na kompyuta nyingi zina kihisi kinachotambua sumaku ya kifuniko ili zilale au ziamke. Nililetewa tableti ambayo kila asubuhi chaji imeisha. Niliitafuta shida kwenye betri siku mbili. Shida ilikuwa kifungo cha sumaku cha kifuko: njiani kilikuwa kinacheza juu ya kihisi, tableti inalala, inaamka, inalala, inaamka. Tulikitoa kifungo, shida ikaisha. Na kadi ya benki yenye mstari mweusi haipendi kukaa karibu na sumaku hizo.

Mwanafunzi_Himbi

Papa fundi, kuhusu betri umeniogopesha lakini aksanti. Yangu nimeilaza mezani sasa hivi. Haiyumbi.

Yaya_Kamalondo (Lubumbashi)

Jambo toka Lubumbashi. Huku wakati wa kiangazi vumbi jekundu linaingia hata kwenye sahani iliyofunikwa, kwa hiyo Mama wa Majengo nakuelewa. Mimi shida yangu ni mashine yenyewe. Nina cherehani ya pedali, Butterfly ya zamani, inashona suruali bila neno. Nikiweka sponji, mguu wa mashine unagandamana nayo, kitambaa hakitembei, mishono inakuwa midogo kama mchwa, mingine inaruka. Jana nimevunja sindano tatu. Je, lazima ninunue mashine ya viatu?

FundiMajengo (Goma)

Hapana yaya, Butterfly yako inatosha. Yangu ni ya pedali pia, na naishukuru siku ambazo umeme umekatika.

Sponji haitelezi chini ya chuma. Usiiache iguse mguu wala meno ya chini yanayovuta kitambaa. Chukua karatasi za daftari la shule lililokwisha, weka moja juu ya sponji na moja chini kama chini hamna kitambaa, shona kupitia karatasi, halafu zichane. Zinatoka kwa urahisi kwa sababu sindano imeshazitoboa mstari mzima. Vipande vidogo vinavyobaki kwenye mshono vitoe kwa kibano cha nyusi.

Mishono midogo inatokana na mgandamizo. Juu ya kichwa cha mashine, sawa na mguu, kuna skrubu ya kukaza springi. Ilegeze mizunguko miwili mitatu. Kisha refusha mshono ufike karibu milimita 3.5. Ukishona sponji kwa mshono mfupi unaikata kama stempu, siku moja inaachana kwenye mstari huo.

Sindano: kwa kikwembe na sponji natumia namba 90, kwa jinzi na sponji 100. Sindano ya 80 ndiyo inayoruka mishono na kuvunjika. Na kabla hujafika kwenye ukingo ambapo tabaka zinapandana, simamisha mguu wako, zungusha gurudumu kwa mkono, mshono mmoja mmoja, mpaka uvuke. Mimi sindano nyingi nilivunja hapo, kwa haraka.

Tena, usishone sponji ndani ya mshono wa pembeni. Pitisha mshono wa kuishikilia nusu sentimita toka ukingoni, halafu kwa mkasi mdogo kata sponji yote iliyo nje ya mstari huo, ulaze mkasi karibu na kitambaa bila kukigusa. Mshono wa mwisho utapita kwenye kitambaa tu. Uzi uwe wa poliesta. Wa pamba unaoza kwa unyevu.

Motari_Ndosho

Naomba niingie, mimi si mshonaji. Nabeba abiria kwa pikipiki kila siku, na ninaona wanavyobeba hizi kompyuta. Mwenye begi analiweka kati yangu na yeye. Nikipiga breki, mwili wake wote unakuja juu ya begi. Kompyuta haijaanguka lakini imebanwa na watu wawili. Na mara nyingi chaja imo ndani ya kifuko kilekile. Juzi mama mmoja alitoa kompyuta yake, kioo kimepasuka kama nyota, na katikati ya nyota pana umbo la kichwa cha chaja.

FundiSimu_Birere (Goma)

Motari kasema kweli. Sponji inapunguza mshindo, lakini haizuii kubanwa wala kupinda. Kwa kubanwa kunatakiwa kitu kigumu upande wa kioo.

MamaKadutu (Bukavu)

Mimi natumia jalada la farde ya plastiki ngumu, zile za kuwekea karatasi za ofisi. Naikata ndogo kuliko sponji kwa nusu sentimita kila upande, pembe naziviringisha, naiweka nje ya sponji, kamwe si kati ya sponji na kioo. Mdomo wangu wa velkro unaipokea pamoja na sponji. Chaja ipewe mfuko wake kwa nje, upande usio wa kioo.

FundiMajengo (Goma)

Dada, mdomo wako huo umeniokoa mara ya pili.

Oda yangu bado sijakata. Tumekubaliana na fundi wa Birere tufanye jaribio kabla. Yeye ana vioo vya simu zilizokufa, vile ambavyo chini vimeharibika lakini juu havina hata mkwaruzo. Amenipa vitatu. Motari amekubali kuvibeba. Nitarudi hapa.

FundiMajengo (Goma)

Wiki tatu zimepita, nimerudi.

Nilishona vifuko vitatu vya kipimo kimoja, sponji ileile nyeupe ya televisheni. Cha kwanza bitana ya manyoya. Cha pili na cha tatu bitana ya pamba ya shuka, iliyoachwa huru. Kila kimoja kioo chake. Motari alivibeba kwenye begi lake siku 14, Ndosho hadi mjini na kurudi, na kila asubuhi, mchana na jioni alitoa kioo na kukirudisha, kama mtu anayetumia simu. Kifuko cha tatu tu ndicho alichokikung'uta kila jioni.

Tulivitazama pamoja kwa fundi, chini ya taa yake yenye kioo cha kukuzia. Kioo cha manyoya kilikuwa kama cha yule kijana, mistari kutoka juu hadi chini, huwezi kuhesabu. Hilo nililitegemea. Kilichonishtua ni cha pili. Pamba tupu, nzuri, haina manyoya, na kioo kilikuwa na mikwaruzo 11, miwili kati yake mirefu, unaisikia kwa ukucha. Nilipogeuza bitana, mchanga haukuwa umeshikwa na kitambaa, ulikuwa umeteremka na kujikusanya chini, na kioo kilikuwa kinasimama juu yake kila siku. Cha tatu, pamba iliyokung'utwa, kilikuwa na mkwaruzo mmoja mfupi pembeni.

Kwa hiyo nilichoandika mwanzoni kilikuwa nusu tu. Nilidhani kitambaa ndicho kitakachotunza kioo. Pamba inakubali kuachia mchanga, lakini haiutoi yenyewe. Dada wa Kadutu, huenda flaneli yako pia ni salama kwa sababu wateja wako wanaanika vifuko kila mara baada ya mvua, na kila anayeanika anakung'uta bila kufikiri. Sijui kama nimesema sawa, wewe waulize.

MamaKadutu (Bukavu)

Nimewauliza watatu. Wawili wanaanika kila wiki. Wa tatu hajawahi kuitoa sponji hata mara moja, na hakuna mikwaruzo. Huyo anafanya kazi ghorofani na anapelekwa kwa gari. Kwa hiyo sijashawishika kabisa dada, lakini kwa wateja wanaotoka kwenu Goma nitaweka pamba.

Yaya_Kamalondo (Lubumbashi)

Karatasi za daftari zimefanya kazi. Nimeshona vinne bila kuvunja sindano. Swali la mwisho, Mama: mteja utamkumbushaje kukung'uta? Wangu mimi nikiwaambia kitu mdomoni, wakifika kwenye kona wamesahau.

FundiMajengo (Goma)

Nimelifikiria hilo usiku mzima, yaya. Kuandika karatasi hakufai, inatupwa. Nilichofanya kwenye oda ya 20 ni hiki: chini kabisa ya bitana, kwa ndani, nimeshona kipande cha utepe mwekundu cha sentimita 4, kimekunjwa mara mbili. Rangi ya bitana ni nyeupe, kwa hiyo ukifungua kifuko jicho linakutana na kitu chekundu kule chini, na mkono wenyewe unataka kukivuta. Ukikivuta, bitana yote inafuata na mchanga unamwagika. Bitana nyeupe inaonyesha pia uchafu. Zamani nilikuwa nachagua nyeusi ili isionekane kuchafuka, na huko ndiko nilikoficha mchanga wangu mwenyewe.

Zipu sizitumii tena. Meno yake yanagusa kingo, na vumbi linapita kati ya meno hata zikifungwa. Nimeweka kifuniko cha kitambaa kinachoshuka sentimita 10 juu ya mdomo, na velkro upande wa nje, kulabu kwenye mwili wa kifuko na laini kwenye kifuniko, ili kifuniko kikigusa kioo kiwe laini.

Bei nimepandisha kwa dola 1, kwa ajili ya plastiki na velkro ya chini. Aliyeagiza alikubali baada ya kumwonyesha vile vioo vitatu. Na yule kijana wa kwanza nimemshonea kipya bila malipo. Alikuja kukichukua jana jioni. Alikifungua palepale mlangoni, akauona utepe, akauvuta kabla sijamwambia ni wa nini.